Nyundo mdomoni: je, mfupa laini wa taya unashindilika?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kondoa, nina miaka 52. Magego yangu mawili ya juu, upande wa kulia, yaling'olewa miaka sita iliyopita. Juzi nilikwenda Dodoma mjini kuulizia kipandikizi, ile skrubu ya kubebea jino la bandia. Daktari alinipiga picha akasema mfupa wa pale ni laini, na kwenda juu umebaki milimita saba tu. Anataka kutumia vyuma vya mkono na nyundo ndogo kuushindilia uwe mzito, ndipo aweke kipandikizi. Dada yangu anasema nikatae, taya litapasuka. Mwalimu mwenzangu anasema nimeze kalsiamu miezi mitatu, mfupa utakaza wenyewe bila kugongwa. Nimsikilize nani? Na Ramadhani inakaribia, nifanye kabla au baada?"

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Msikilize daktari wako. Alichokueleza ni njia inayojulikana na inayofundishwa, haikubuniwa Dodoma wiki iliyopita. Ila kuna jambo naona halikufafanuliwa vya kutosha, na ndilo lililompa dada yako nafasi ya kukutia hofu. Vile vyuma havikuongezei mfupa. Havina uwezo huo. Vinachofanya ni kuuzuia mfupa mchache ulio nao usitupwe, na kuusogeza ukae pale unapohitajika. Mtu akishalijua hilo anaacha kutegemea makubwa, na anaacha kuogopa makubwa pia.

Tuanze na mahali penyewe. Mfupa wa taya haufanani kote. Mbele ya taya la chini, kwenye kidevu, ni mgumu kweli kweli. Ukirudi nyuma unalainika, ukipanda taya la juu unalainika zaidi, na sehemu laini kuliko zote mdomoni ni hapo hapo yalipokuwa magego yako. Mwaka 1985 Ulf Lekholm na George Zarb waliupanga mfupa wa taya katika madaraja manne ambayo tunayatumia mpaka leo. Daraja la kwanza karibu lote ni mfupa mgumu, uliojaa. La nne ni ganda jembamba kwa nje, na ndani yake ni vijiti vyembamba vya mfupa vilivyoachana, katikati yake uboho na mafuta. Nyuma ya taya la juu tunakuta zaidi la tatu na la nne. Kwa hiyo ukiambiwa una mfupa laini pale, usidhani umepata ugonjwa. Mimi pia ninao, na dada yako anao.

Hizo milimita saba ni habari nyingine. Juu ya magego ya juu kuna uwazi wa hewa ndani ya uso, sainasi, ile inayojaa ukipata mafua makali. Jino likiwepo, mfupa una kazi na unabaki. Jino likitoka, ukingo wa taya unasinyaa kutoka chini, na sainasi nayo inashuka kutoka juu, mfupa ukabaki umebanwa katikati. Upana nao hupungua. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba baada ya jino kung'olewa, ukingo hupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya mwaka mmoja, na theluthi mbili ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya kwanza. Wewe una miaka sita. Milimita saba ni nyingi kuliko nilizozoea kuziona kwa mtu aliyekaa pengo muda wote huo.

Sasa kwa nini ulaini ni tatizo? Kipandikizi ni skrubu ya titani. Msweidi Per-Ingvar Brånemark aligundua miaka ya 1950, akichunguza mifupa ya sungura, kwamba mfupa hai hushikamana na titani moja kwa moja, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wake wa kwanza. Lakini kushikamana huko huchukua miezi. Katika wiki za mwanzo skrubu inashikiliwa kwa kubanwa tu. Ikichezacheza, mwili unaizungushia nyama badala ya mfupa, na kipandikizi kinatoka chenyewe. Kazi yote ya siku ya upasuaji, kwenye mfupa laini, ni kupata mbano huo wa mwanzo.

Drili ndiyo adui hapo. Drili ya kawaida inachimba: inakata mfupa, maji yanausomba, mashine ya kunyonya mate inaumeza. Kwenye kidevu hilo halina neno, mfupa ni mwingi. Kwenye daraja la nne unakuwa umetupa kile kidogo ulichokuwa nacho. Wewe ni mtu wa Kondoa, umewahi kuona kigingi cha mbuzi kinavyosimamishwa kwenye kichanga cha korongo. Ukichimba shimo kwa jembe, ukatupa mchanga pembeni, ukasimamisha kigingi, mbuzi akivuta mara moja kimetoka. Ukitanguliza chuma chembamba, kisha kinene kidogo, ukapigilia taratibu, mchanga hauendi kokote. Unabanwa pembeni na chini, na kigingi kikifuata kinakuta kuta zimeshiba.

Hicho ndicho alichokifanya daktari Mmarekani Robert Summers, aliyeeleza njia hii mwaka 1994 akiwalenga hasa wagonjwa wa namna yako, wenye mfupa laini wa nyuma ya taya la juu. Vyuma vyake vinaitwa osteotomu. Ni fimbo za chuma kisichoshika kutu, nyuma nene za kugongwa, mbele nyembamba, zenye mistari iliyochorwa kuonyesha kina kwa milimita. Seti moja huwa na kadhaa zinazopishana unene kidogo kidogo, ili kila moja iingie kwenye tundu lililoachwa na mwenzake na kulipanua kwa nusu milimita au zaidi kidogo. Nyingine zimepinda shingoni, kwa sababu mdomo wa mtu haufunguki kiasi cha kumruhusu daktari kuingiza fimbo iliyonyooka mpaka kwenye magego ya nyuma.

Ukipata nafasi mwombe daktari akuonyeshe ncha, kwa sababu mambo yote yapo pale. Kwa kuwa kina chako ni kidogo, vyuma hivi vitainua pia sakafu ya sainasi kidogo, na osteotomu ya kazi hiyo haikuchongoka. Ina kibonyeo katikati, na ukingo wa kibonyeo hicho ni mkali. Inapoingia inakwangua vipande vidogo vya mfupa kutoka kutani na kuvisukuma mbele yake. Ukingo ukiwa butu, haukwangui. Unapondaponda tu, na daktari analazimika kugonga kwa nguvu. Vyuma hivi hutumika tena na tena kwa miaka, na sehemu nyingine hakuna anayekumbuka kuvinoa au kununua vipya. Mimi nikiona daktari anapiga nyundo kwa nguvu za bega, naangalia kwanza ncha ya chuma chake.

Kuna ndugu zao ambao wewe huenda usiwahitaji, nitawataja kwa haraka. Vipo vyuma vya kushindilia kwa mkono mtupu bila nyundo, daktari anasukuma huku akizungusha kiganja kushoto na kulia. Zipo skrubu za kupanua ukingo mwembamba, zinazokazwa kwa spana ndogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na kupumzishwa nusu dakika au zaidi ili mfupa ulegee kabla ya kuendelea. Hizo zinahitaji ukingo wenye upana wa milimita tatu au nne na mfupa laini katikati, vinginevyo ukuta wa nje unapasuka. Na tangu miaka ya 2010 zipo drili za Densah, alizobuni daktari Salah Huwais wa Marekani, ambazo huzungushwa kinyume ili zisikate bali zikandamize, huku maji yakimwagika. Hizo ni za mashine, hazina kishindo, na wagonjwa wanazipenda kwa sababu hiyo. Daktari wako akiwa nazo, vizuri. Asipokuwa nazo, usimwone yuko nyuma. Osteotomu mkononi mwa anayeijua inafanya kazi hiyo hiyo, na daktari ana faida moja nayo: mkono wake unahisi mfupa.

Siku yenyewe itakwenda hivi. Utachomwa ganzi, kwa kawaida lidokaini yenye adrenalini, na utasubiri mpaka shavu life kabisa. Fizi itafunguliwa kidogo. Drili nyembamba, ya milimita mbili hivi, itatangulia kuonyesha njia, nayo itasimama kama milimita moja chini ya sakafu ya sainasi. Kuanzia hapo drili inawekwa pembeni. Msaidizi atakushika kichwa, mkono mmoja kwenye paji la uso, ili kisirushwe nyuma. Chuma kinaingia, kinagongwa kidogo, kinazungushwa kutolewa, kinafutwa kwa shashi, kinaingia kinachofuata. Hutasikia maumivu. Utasikia kishindo, na kishindo kitasafiri kwenye fuvu lote mpaka masikioni. Wagonjwa wengi husema hakuna aliyewaonya juu ya hilo, na ndiyo maana nakuonya. Kama unajijua kuwa mtu wa wasiwasi, sema mapema upewe dawa ya kutuliza.

Chuma kikifika sakafu ya sainasi, mlio hubadilika. Chini yake ulikuwa mzito, sasa unakuwa mkavu na mkali, kwa sababu sakafu hiyo ni ganda gumu. Hapo daktari mzuri anapunguza mkono. Anagonga kidogo tu mpaka ganda liachie na kuinuka likiwa na utando wa sainasi juu yake, bila utando kuchanika. Atakuziba pua na kukuambia pumulia puani taratibu. Hewa ikitokea kwenye tundu, utando umetoboka, na kazi ya kuinua inasimama palepale. Kama haikutoka, anaweka unga wa mfupa kidogo kidogo, anausukuma juu, anapata milimita mbili au tatu za nyongeza. Kisha anafunga skrubu.

Kuhusu huo unga, uliza umetoka wapi. Aina zinazotumika sana hutokana na mfupa wa ng'ombe uliosafishwa mpaka ukabaki madini matupu. Nyingine hutengenezwa kiwandani bila mnyama yeyote. Na baadhi ya utando wa kufunikia unga huo hutokana na nguruwe. Wagonjwa Waislamu huja kuuliza baada ya kufungwa nyuzi, wakati hakuna tena cha kubadilisha. Uliza kabla. Daktari ataangalia boksi, imeandikwa.

Sasa hofu ya dada yako. Taya la juu halipasuki vipande viwili kwa nyundo hii; ni ndogo, na inagonga mfupa laini. Kinachoweza kupasuka ni ukuta mwembamba wa nje wa ukingo, na hiyo hutokea zaidi mahali penye upana mdogo. Lakini dada ana haki kwa upande mmoja. Kushindilia kukizidi kunaharibu. Vile vijiti vya ndani ya mfupa vikibanwa kidogo hupinda na kukaribiana. Vikibanwa sana huvunjika, na mfupa uliovunjika-vunjika hauna damu, kwa hiyo mwili lazima kwanza uuondoe ndipo ujenge mpya. Majaribio kwa nguruwe yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha hivyo: mahali palipotumika osteotomu pakawa na nyufa ndogo ndogo, na vipandikizi vikashika vibaya kuliko vilivyochimbiwa kwa drili ya kawaida. Tafiti nyingine zimeona faida, hasa kuzunguka mwisho wa ndani wa tundu. Mimi nazichukulia zote kwa maana moja: faida ipo kwenye ukanda mwembamba tu wa mfupa, na inategemea mkono. Kwenye mfupa wa daraja la kwanza au la pili osteotomu haina kazi, na daktari anayeitumia huko anamtesa mgonjwa bure.

Kuna njia rahisi zaidi ambayo wengi wetu tunaianza kabla ya kufikiria nyundo: kuchimba tundu jembamba kuliko kipandikizi, kisha skrubu yenye umbo la kuchongoka ijishindilie yenyewe inapoingia. Kwa mfupa laini wenye kina cha kutosha, mara nyingi hilo linatosha. Kwako tatizo ni kina pia, na ndiyo maana nyundo imeingia. Njia ya Summers inafaa pale mfupa uliobaki ni milimita tano au zaidi. Ripoti ya mwaka 1999 iliyojumlisha vipandikizi 174 vya wagonjwa 101 ilikuta kwamba kwa wenye milimita tano kwenda juu, asilimia 96 ya vipandikizi vilibaki. Kwa wenye nne kushuka chini, asilimia 85.7. Wewe uko upande mzuri wa mstari huo. Na ungekuwa na milimita tatu, ningekuambia uache nyundo kabisa, ufanyiwe upasuaji wa kufungua dirisha ubavuni mwa taya. Tena siku hizi vipo vipandikizi vifupi vya milimita sita. Muulize daktari kama kimoja cha hivyo kinaweza kukutosha bila kugusa sainasi. Akiwa na sababu ya kukikataa, atakuambia. Kwa mfano akiona unatafuna kwa nguvu sana upande huo.

Wakati wa kufunga skrubu kuna namba mbili unazoweza kuuliza bila kuonekana mjuaji. Ya kwanza ni nguvu ya kukaza, inayopimwa kwa newtoni-sentimita. Tukifika 35 tunafurahi. Kwenye mfupa wako hata pungufu ya hapo panakubalika, mradi kipandikizi kifunikwe kipumzike, kisibebe jino siku hiyo. Ya pili ni kipimo cha mtetemo, alichokianzisha Neil Meredith miaka ya 1990, kinachosoma kutoka 1 hadi 100. Juu ya 70 ni imara, chini ya 60 ni ya kusubiri. Si kila kliniki ina kifaa hicho. Isiwe sababu ya kukimbia.

Usishangae pia ukisikia kwamba kipandikizi kilichokuwa imara siku ya kwanza kimelegea kidogo wiki ya tatu au ya nne. Ni kawaida yake: mfupa wa zamani uliobanwa unaondolewa, mpya haujakomaa. Ndiyo wiki ambazo mtu, kwa kuwa maumivu yameshaisha, anaanza kutafuna mahindi ya kuchoma upande ule. Usifanye hivyo. Utaratibu wa Brånemark ulikuwa miezi sita ya kusubiri kwa taya la juu. Skrubu za kisasa zenye uso wa kukwaruza zimeupunguza, lakini kwa mfupa laini ulioshindiliwa na sainasi iliyoinuliwa, daktari akikuambia miezi mitano au sita, mshukuru. Anayekuahidi jino kamili wiki ijayo ndiye wa kumwogopa.

Kizunguzungu nacho nisikiache, kwa sababu huwapata wachache na huwatisha sana. Ndani ya sikio kuna vichembe vya kalsiamu kabonati vinavyosaidia mwili kujua uko wima au umelala. Kugongwa taya la juu huku kichwa kimeinamishwa nyuma kunaweza kuving'oa vikaingia kwenye mirija isiyo yake. Matokeo yake, kesho yake asubuhi ukigeuka kitandani nyumba nzima inazunguka kwa sekunde kadhaa, kisha inatulia. Mtu wa kwetu akipata hivyo anakimbilia kupima malaria na presha. Presha pima tu, haina hasara. Lakini mwambie pia daktari wa meno au wa masikio, kwa sababu tiba yake ni kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalum mpaka vichembe virudi mahali pake, kazi ya dakika chache, inaitwa zoezi la Epley. Siku ya upasuaji ukimaliza usiruke kutoka kwenye kiti. Keti wima kwanza, tulia, ndipo usimame. Na kama uliwahi kuwa na kizunguzungu cha namna hiyo huko nyuma, sema kabla; hapo mimi ningechagua drili badala ya nyundo.

Kalsiamu ya mwalimu mwenzako. Kula vizuri ni jambo jema, na huku kwetu hakuna uhaba: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa ya mgando, ufuta. Kwa mwanamke wa miaka 52 ambaye hedhi imekatika au inakatika, mifupa ya nyonga na mgongo inahitaji kuangaliwa kweli. Lakini vidonge vya miezi mitatu haviwezi kubadilisha daraja la nne la taya la juu liwe la pili. Mfupa pale ni laini kwa sababu hivyo ndivyo ulivyoumbwa, na kwa sababu hakuna jino la kuupa kazi. Kitu pekee kitakachoukaza kwa miaka ni kipandikizi chenyewe kikishabeba jino na kuanza kutafuna. Ukimeza kalsiamu, meza kwa ajili ya nyonga.

Kuna dawa za mifupa, hata hivyo, ambazo lazima uzitaje. Ikiwa uliwahi kupewa alendroneti ya vidonge, au sindano ya asidi ya zoledroniki, iwe kwa mifupa dhaifu au kwa saratani, mwambie daktari kabla hajagusa chochote, kwa sababu dawa hizo hukaa mfupani miaka na zinaweza kufanya kidonda cha taya kisipone. Sukari nayo: kama unayo, leta kipimo cha wastani wa miezi mitatu, siyo cha asubuhi ile tu. Sigara na ugoro vinapunguza damu kwenye fizi. Sijui kama unatumia. Naandika kwa sababu wagonjwa wetu wa mikoa hii ya kati wengi hawauhesabu ugoro kama tumbaku.

Rangi ya kahawia kwenye meno, tunayoizoea kwa watu waliokulia maeneo ya maji yenye floridi kama sehemu za Singida, haisemi chochote kuhusu ulaini wa taya. Naulizwa sana hilo, basi nalijibu kabisa hapa.

Kuhusu picha. Kama ulipigwa ya kawaida bapa, omba ya CT ya meno, ile ya kompyuta inayoonyesha taya kwa pande zote, kabla ya upasuaji. Ile bapa inaonyesha urefu, haionyeshi upana, wala haionyeshi kama ndani ya sainasi kuna ukuta mdogo wa mfupa unaoweza kuchana utando. Ukipewa namba ya uzito wa mfupa kutoka kwenye CT hiyo, ichukulie kama makadirio. Mashine za meno hazipimi uzito kwa usahihi wa zile kubwa za hospitali. Ukweli wa ugumu daktari anaupata anapoingiza ile drili ya kwanza, na anaweza kubadilisha mpango palepale. Mwache abadilishe.

Mwulize pia amefanya mara ngapi kazi ya sainasi, na kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ni haki yako, na asiyependa kuulizwa hilo amekujibu tayari. Angalia vyuma vinatolewa kwenye mfuko uliofungwa wenye alama iliyobadilika rangi kwa joto la mashine ya kuua vijidudu, na unafunguliwa mbele yako. Ukitaka maoni ya pili, mtafute bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Kama Dodoma mjini hupati nafasi, treni ya umeme kutoka hapo inakufikisha Dar es Salaam na kukurudisha siku hiyo hiyo ukijipanga.

Baada ya upasuaji, lala Dodoma angalau usiku mmoja kabla ya kupanda basi la Kondoa. Wiki mbili usipenge kamasi. Chafya ikija, iachie kwa mdomo wazi, usiizibe. Ukiiziba, shinikizo lote linaenda kwenye utando ulioinuliwa. Usinyonye kinywaji kwa mrija. Damu kidogo puani siku ya kwanza au ya pili haina shida. Ukinywa maji yakatokea puani, au ukaona usaha, au uvimbe unaongezeka baada ya siku ya tatu, rudi bila kusubiri tarehe uliyopangiwa.

Ramadhani: fanya baada ya Idi. Suala la ganzi na funga muulize shehe wako, mimi nina yangu matatu ya kitabibu. Antibayotiki ya kila saa nane haiendani na kutwa bila maji. Mdomo mkavu unachelewesha fizi kufunga. Na siku ya upasuaji nataka uwe umekula, kwa sababu mgonjwa mwenye njaa akichomwa ganzi yenye adrenalini hutetemeka na mara nyingine huzimia kwenye kiti. Mfupa wako umeshafanya karibu kupungua kote ulikokuwa ufanye; mwezi mmoja au miwili zaidi haitakula zile milimita saba. Tumia muda huo kupiga CT na kusafishwa meno yaliyobaki, maana fizi zenye ugonjwa jirani na kipandikizi kipya ni kumwaga fedha.